Gitaa la Shemeji Nusu

Mwanzo mgumu, watu husema. Hao watu hawamjui shemeji yangu. Kwake yeye mwanzo ndio ulikuwa mtamu, mtamu kiasi kwamba hakuona sababu ya kwenda mbele zaidi.

Mtaa mzima ulimwita Nusu. Ingia nyumbani kwa dada yangu, ambaye ndiye aliyekubali kuolewa naye, na hutahitaji kuuliza kwa nini. Uani kuna banda la kuku lenye kuta tatu, na kuku wenyewe wanalala jikoni. Sebuleni kuna kabati lenye mlango mmoja. Mlango wa pili umeegemezwa ukutani tangu binti yao hajaota meno. Shemeji alianza kujifunza udereva, akaacha siku alipofundishwa kurudi nyuma. Alianza kufuga nyuki, lakini hapo nimtetee: nyuki ndio walioacha.

Kazi yake ilikuwa kunyoa, na vichwa peke yake ndivyo alivyovimaliza. Si kwa kupenda. Kichwa cha mtu hakiachwi katikati, mwenyewe atapiga kelele.

Nayajua haya yote kwa sababu chumba chetu cha kazi ni kimoja. Tumekigawa kwa plaiwudi: yeye ananyoa wanaume upande wa barabarani, mimi nasuka wanawake upande wa ndani. Plaiwudi ilikuwa ifike darini, ila aliyeijenga ni yeye, kwa hiyo imeishia juu kidogo ya kichwa changu. Kila kinachosemwa kwake nakisikia, na kila ninachosema mimi anakisikia, ingawa mara nyingi hujifanya hajasikia.

Basi siku moja binti yao alipita kazini kwetu kutuambia kwamba siku ya harusi yake imepangwa. Ni mwalimu wa chekechea, binti mpole, lakini ana ule upole wa mtu aliyezoea kuwasubiri wengine. Baba yake akafurahi, akazima mashine ya kunyolea huku mteja amenyolewa upande mmoja tu.

"Mwanangu, siku hiyo nitakupigia gitaa!"

Gitaa alikuwa amelipata wiki hiyohiyo. Alilichukua kwa kutoa pikipiki isiyo na injini aliyokuwa ameanza kuitengeneza. Lilikuwa limening'inia kwenye msumari juu ya poda na spiriti, na kulipiga alikuwa hajui hata kidogo. Nilidhani alikuwa bado anatafuta upande wa kulishikia.

Binti alilitazama gitaa. Kisha akasema taratibu, "Baba, naomba usiahidi."

"Nisiahidi vipi? Mimi ni baba yako."

"Ulinitengenezea kitanda cha juu, ngazi hukuitengeneza. Nilikuwa napandishwa kwa kiti mpaka nilipofika darasa la tano. Kila usiku uliniimbia ule wimbo wa taa, ubeti mmoja tu, ukasema mwingine kesho. Kesho hiyo naisubiri mpaka leo, Baba."

"Ulikuwa unalala kabla sijamaliza."

"Wewe ndiye uliyekuwa unalala, Baba. Mimi nilikuwa nakufunika."

Upande wangu, mteja niliyekuwa namsuka alishusha pumzi. Nikamvuta nywele kidogo ili akae kimya tusikie vizuri.

Ndipo binti akasema lile lililomkata baba yake maini. Kamati ilikuwa imeshapanga ratiba, na maneno ya baba wa bibi harusi yangesemwa na baba mdogo, yule mdogo wake Nusu ambaye ni katibu wa kila kitu kinachohitaji katibu, kiasi kwamba jina lake limebaki kuwa Katibu. "Sitaki kukuaibisha," binti alisema. "Lakini siku hiyo ni moja tu, na sitaki nikae mbele ya watu nikisubiri utamalizaje. Ukiweza kuupiga wimbo ule wote, mwanzo mpaka mwisho, nafasi ni yako. Ukishindwa, baba mdogo yupo tayari."

Nusu alikigeukia kioo. Aliwasha mashine, akarudi kwenye upande uliobaki. Mteja akatoka na nywele fupi kuliko alivyoomba.

Sasa, mtu akitaka kujifunza gitaa hutafuta mwalimu, na Nusu alimpata bila kwenda mbali. Kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kupiga gitaa kwenye bendi za ukumbini, tukimwita Mzee Solo. Nyonga zilikuwa zinamsumbua, na katika mtaa wote kiti kimoja tu ndicho kilichompa raha, kile cha kinyozi kinachozunguka. Wakakubaliana: Mzee Solo afundishe, Nusu amnyoe. Tangu hapo mzee akawa ananyolewa kila siku, mpaka nikaanza kuzihurumia ndevu zake ambazo zilikuwa hazipewi nafasi ya kutoka. Kinyozi hajinyoi, na huyu wetu kwa kumnyoa mzee alisahau kabisa kidevu chake mwenyewe.

Somo lilikuwa hivi. Mzee Solo anakaa kitini, taulo shingoni, gitaa lake mapajani, uso kwenye kioo kikubwa. Nusu anasimama nyuma yake na gitaa la pikipiki, macho kwenye kioo hichohicho. Hivyo ndivyo vinyozi walivyo. Kinyozi hazungumzi na wewe, anazungumza na wewe wa kiooni. Shemeji yangu ukimsalimia ana kwa ana hushtuka kidogo, anatafuta kioo kiko wapi.

"Unaona vidole vyangu?" mzee anauliza kioo.

"Naviona, mzee," Nusu anakijibu kioo.

"Fanya hivyohivyo."

Sauti ya kwanza iliyovuka plaiwudi ilikuwa ya sufuria linaloburutwa sakafuni. Mteja wangu akaniuliza kama huko ng'ambo kuna fundi bati. Nikamwambia ni shemeji yangu, anajifunza muziki. Akasema pole. Vidole vya Nusu vikaota malengelenge, malengelenge yakawa sugu, na wateja wa kinyozi wakaanza kulalamika kwamba mkono wake unakwaruza kuliko wembe. Wimbo wenyewe hata hivyo haukuja. Mzee alipoweka vidole vyake sauti ilitoka tamu, Nusu alipoweka vyake palepale zikatoka kelele.

Siku moja Nusu akakikazia macho kioo, akapiga ukelele wa furaha. "Nyuzi! Zako nene ziko juu, zangu nene ziko chini! Huyu aliyezifunga alikuwa mjinga!" Akazitoa zote, akazipanga upya, nene juu na nyembamba chini kama alivyoona kiooni. Vijia vya kupitishia nyuzi, kule juu ya shingo, akavichonga kwa wembe. Mzee Solo, aliyekuwa anasikiliza zaidi ya kutazama, akafumba macho. "Ehe," akasema. "Sasa limeanza kusema."

Na kweli lilianza kusema. Likasema kwa kigugumizi, likakosea, likatukana, lakini likasema. Nikajikuta nasuka kwa mwendo wa wimbo ule.

Halafu, kama nilivyotarajia, likanyamaza. Gitaa likarudi msumarini. Nikamsikia Nusu akimweleza mteja faida za kufuga samaki, jinsi bwawa linavyochimbwa, na kwamba shimo ameshalianza. Hasira ilinipanda. Nikapaza sauti juu ya plaiwudi, "Shemeji! Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge!"

Mashine ya kunyolea ikazimwa. Kisha akaja upande wangu, jambo ambalo huwa halifanyi, akakaa chini ya mashine ya kukaushia nywele kama mteja. Nilikuwa nimejiandaa kumsema mpaka basi. Alivyonitazama, moja kwa moja bila kioo, nikaweka kitana chini.

"Shemeji, naogopa," akasema. "Kitu kisipokwisha, hakuna anayeweza kusema ni kibaya. Watu husema tu, angemaliza, kingekuwa kizuri. Nikimaliza, ndipo watakiona kilivyo."

"Ndiyo maana kuku wanalala jikoni?"

"Ndiyo maana." Akajikuna sugu za vidole. "Na kuna jingine. Ule ubeti wa pili sina. Sijawahi kuwa nao. Nilikuwa namwambia kesho nikidhani kesho nitautunga."

Nilimwonea huruma, na sikupenda kumwonea huruma, maana kumkasirikia nilikuwa nimezoea. Nikamwambia autunge basi, kwani wa kwanza nani alimtungia? Na kama utakuwa mbaya, utakuwa mbaya na umekwisha, jambo ambalo katika ukoo wetu litakuwa jipya. Akacheka kidogo. Akaenda akalitoa gitaa msumarini.

Siku chache kabla ya harusi binti alikuja kwangu kujaribu msuko. Nilikuwa nimemgawa nywele katikati, na ng'ambo ya plaiwudi baba yake hakujua kwamba yupo. Akaanza kupiga. Ubeti wa kwanza ulitoka wote bila kujikwaa hata mara moja, na sauti yake nzito ikaufuata polepole:

Lala, taa naiacha,
baba yuko mlangoni,
giza likija kubisha
litanikuta njiani.

Mikono yangu ilisimama. Binti naye alikuwa amefumba macho. Tukangoja. Upande wa pili gitaa likagusagusa nyuzi mbili tatu, likasita, likaacha. Tukasikia Nusu akiguna, akawasha mashine ya kunyolea.

Binti akafumbua macho. "Ni hapohapo," akasema. "Ndipo huwa anaishia." Akafuta jicho kwa ncha ya taulo langu. "Mama mdogo, mwambie baba mdogo hotuba yake aje nayo."

Kumbe Katibu hakuwa anahitaji kuambiwa. Hotuba alikuwa nayo tangu harusi ikiwa fununu, kurasa kadhaa, yenye utangulizi na hitimisho. Katibu si mtu mbaya, nataka nieleweke. Ni mjuaji tu, na mjuaji hana adui, ana watu anaowarekebisha. Harusi ikiwa kesho yake, vyombo vya muziki vilipopelekwa ukumbini, alilipitia gitaa la kaka yake kwa jicho la ukaguzi. Akaona nyuzi zimefungwa kinyume na magitaa mengine yote. Akatikisa kichwa, akamwita kijana wa bendi ya harusi, akamwamuru azipange inavyotakiwa. Hakumwambia mtu. Mtenda wema hajitangazi, alituambia baadaye, baada ya kujitangaza.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, feni za darini zikizungusha joto lilelile. Katibu ndiye aliyeshika kipaza sauti. Kati ya keki na chakula akatangaza kwamba baba mzazi ameomba dakika chache, akasisitiza neno chache, na hotuba yake akaigusa mfukoni kuhakikisha kwamba bado ipo. Dada yangu alikuwa ameketi karibu nami. Alinishika mkono, akaufinya mpaka pete zikaniuma.

Nusu akaja mbele, suti yake mikono imepindwa ndani kwa pini maana alikuwa amemwambia fundi kwamba atamalizia mwenyewe. Akaketi. Akaweka gitaa mapajani, akaweka vidole mahali pake, akapiga.

Sufuria likaburutwa sakafuni.

Watu walidhani anatania, wakacheka kwa adabu. Akapiga tena, likawa lilelile. Wakacheka bila adabu. Uso wake ulibadilika, na mimi nilijua hafanyi mzaha.

Mzee Solo, aliyekuwa ameketi na bendi pembeni, akanyanyuka akichechemea. Akafika mbele ya Nusu, akamtazama, akajishika kichwa. "Wewe! Mbona umelishika kinyume? Mkono wa kushoto ndio unaoshika shingo!"

"Wako ni wa kulia, mzee. Ndivyo ulivyonifundisha."

"Mimi? Mimi mkono wangu wa kulia haujawahi kushika shingo tangu nizaliwe!"

"Kila siku nakuona!"

"Unaniona wapi?"

"Si kiooni?"

Ukumbi ulichukua muda kuelewa, kisha ukaangua kicheko kilichotikisa meza. Miezi yote ile wale watu wawili hawakuwahi kutazamana ana kwa ana. Nusu alimwona mzee wa kiooni, ambaye kulia kwake ni kushoto, akamwiga huyo. Na mzee alipomtazama mwanafunzi wake kiooni, kioo kilimgeuza, akamwona sawasawa kabisa. Nyuzi zilizopinduliwa ndizo zilizokuwa zimemfaa, na sasa Katibu alikuwa amezinyoosha.

"Nilikusaidia, Kaka," Katibu akasema kwenye kipaza sauti, ili wema usipotee. "Zilikuwa zimekaa ovyo."

Mzee Solo akamletea gitaa lake mwenyewe, zuri, linang'aa. Lilikuwa halimfai hata kidogo. Nusu alilitazama akatikisa kichwa. Katibu akakohoa. "Basi, ndugu waalikwa, kutangulia si kufika. Kwa niaba ya kaka yangu, naomba nichukue nafasi hii..." Na kurasa zikatoka mfukoni.

Nikamwona Nusu anautazama mlango. Mtazamo ule naujua. Ndivyo alivyoutazama ukuta wa tatu wa banda la kuku, kabla hajaweka nyundo chini akaenda kuoga. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, mtoto wa watu ataolewa huku anamhurumia baba yake.

Nusu akainama. Akaanza kulegeza uzi wa kwanza.

Akautoa. Akatoa wa pili. Katibu akasoma utangulizi, hakuna aliyemsikiliza, watu wote walikuwa wanatazama mikono ya kinyozi. Nyuzi zote zikalala mapajani mwake, kisha akaanza kuzirudisha, nene juu, akikaza, akisikiliza, akikaza tena. Wapishi wakachungulia mlangoni kuuliza kama wapakue. Shangazi wa bwana harusi akauliza kwa sauti kama huyu ni mwanamuziki au fundi aliyeitwa kutengeneza. Uzi mwembamba kabisa ukakatika, ukamchapa shavuni. Kicheko tena. Katibu akaona imetosha, akamwendea, akaweka mkono begani mwake, "Kaka, inatosha. Inuka."

Ndipo bibi harusi akasimama.

"Baba mdogo, kaa," akasema. Hakuhitaji kipaza sauti, anafundisha chekechea. "Mwacheni amalize."

Katibu akakaa. Sijawahi kuona Katibu akikaa na kurasa mkononi. Tukaisikia kila sauti ya nyuzi zikipandishwa polepole, na hakuna aliyethubutu hata kugonga glasi.

Akapiga kwa nyuzi zilizobaki. Vidole vyake vilikosea mara moja, akarudi, akaendelea. Lala, taa naiacha. Sauti ilikuwa inatetemeka, na si nzuri, niseme ukweli, shemeji yangu haimbi vizuri. Alipofika kwenye lile giza lililokuta mtu njiani, akanyamaza. Sisi wa ukoo tukaanza kupiga makofi, kwa sababu hapo ndipo tulipoujua mwisho wake. Akatikisa kichwa kutukataza. Akavuta pumzi, akamtazama binti yake, hakutafuta kioo.

Amka, taa nazima,
jua limefika ndani,
nenda mwanangu salama,
baba yuko mlangoni.

Na hapo ukaisha. Mkono ukatulia juu ya nyuzi mpaka sauti ikafa yenyewe. Nililia, na sioni aibu. Dada yangu alilia na kusema kwamba sasa mume wake hana kisingizio cha banda la kuku, akalia tena.

Binti akashuka pale mbele, gauni jeupe likifagia sakafu, akakaa chini miguuni pa baba yake. Wapishi walikuwa wamesimama na sinia mikononi.

"Kumbe ndivyo unavyoisha," akasema.

"Ndivyo unavyoisha," Nusu akajibu. Damu kidogo ilikuwa inamtoka shavuni, na hakuwa na habari.

Binti akaegemeza kichwa kwenye goti lake. "Rudia, Baba. Toka mwanzo."

Akarudia, toka mwanzo mpaka mwisho, na chakula kikapoa kabisa.